Nyumba ya Mambo Msiige, Makao ya Zamani ya Mapadre Mjini Unguja

Msafiri afikaye Unguja kwa njia ya bahari, chombo chake kikiizunguka rasi ya Shangani, huona ufukoni nyumba kubwa ya mawe ambayo wenyeji waiita Mambo Msiige. Siku hizi ni hoteli. Wageni walalao humo hupanda ngazi zake na kutazama bahari kwa madirisha yake, na wengi wao hawajui ya kuwa kwa muda wa miaka 10 hivi, tangu 1864, ilikuwa nyumba ya askofu na mapadre wake. Hayo si ajabu kwa wageni. Ajabu ni kwamba hata sisi walimu, ambao kila siku twatumia Kiswahili cha vitabu, twaijua kwa uchache nyumba ambamo kazi ya kukiandika Kiswahili hicho ilishika mizizi.

Katika makala hii nitaeleza jinsi nyumba ile ilivyojengwa, na jinsi kila aliyeingia alivyoigeuza kwa haja zake. Sifanyi hivyo kwa kupenda mambo ya kale tu. Wengi wetu twakaa katika nyumba za mawe na chokaa tulizorithi kwa waliotutangulia, na kila mwaka hutujia swali lile lile: ni geuzo lipi nyumba iwezalo kulivumilia, na ni geuzo lipi litakaloiua?

Kwanza jina lenyewe, kwa kuwa limewasumbua wanafunzi wa lugha. Msiige ni neno la kukataza, la nafsi ya pili katika wingi: ninyi msiige. Mwalimu wa sarufi atasema kwamba palipasa kuwapo kiungo cha -ya- kirejeacho kwenye mambo, yaani mambo msiyaige. Ndivyo tungaliandika katika insha. Lakini jina la nyumba si insha. Majina ya nyumba, ya vyombo, na ya mitaa hukatwa na ndimi za watu hata yakaishia kuwa mepesi kutamka, na mimi naona kwamba jina hili limepunguzwa vivyo hivyo. Maana yake haina shaka: haya ni mambo yasiyoigika, asijaribu mtu kujenga mfano wake. Ni majivuno ya mwenye nyumba, yaliyosemwa kwa sura ya onyo.

Mwenye nyumba alikuwa Mwarabu tajiri, jina lake Salim, wa kabila la Al-Harthi, naye aliijenga baina ya mwaka 1847 na 1850, katika enzi ya Seyyid Said. Wakati ule biashara ya karafuu, pembe na watumwa ilikuwa imeutajirisha mji, na matajiri walikuwa wakishindana kwa nyumba. Aliyejenga Shangani, mbele ya bandari, alitaka kuonekana na kila nahodha aingiaye.

Walakini tajiri na maskini wote walijenga kwa vitu vile vile vitatu: jiwe, chokaa na boriti. Jiwe ni la matumbawe, ambalo lapatikana kisiwani kote. Ni jepesi, lina matundu, na halichongeki kwa unyofu, kwa hiyo mwashi wa Unguja hapangi mawe yaliyochongwa, bali hujenga ukuta mnene wa vipande vya kila namna vilivyoshikanishwa kwa chokaa. Ndiyo sababu kuta ni nene, nusu mita hata zaidi. Chokaa hutokana na matumbawe yale yale yaliyochomwa juu ya tanuu ya magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae muda mrefu. Fundi mwema hana haraka na chokaa. Huichanganya na mchanga na udongo mwekundu wa shamba, na mchanganyiko huo huendelea kukaza miaka mingi baada ya fundi kwenda zake, kwa kuwa chokaa hugeuka kuwa jiwe tena kwa kumeza hewa ya ukaa pole pole.

Kitu cha tatu, boriti, ndicho kinachotawala nyumba nzima. Boriti ni miti ya mikoko na mikandaa ikatwayo pwani, hasa katika midomo ya mto Rufiji, na hupangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta, ili ibebe sakafu ya juu. Ni miti migumu isiyoliwa upesi na mchwa, lakini haina urefu mkubwa wa kutumika. Kwa hiyo chumba cha nyumba ya mawe ya Unguja hakipanuki kupita dhiraa sita au saba hivi, yaani mita 3 kwa kadiri. Urefu wake waweza kuwa wowote, lakini upana umekwisha kuamriwa na mti. Mtu akitaka nyumba kubwa hapanui vyumba. Huongeza vyumba vyembamba, kimoja kando ya kingine, kukizunguka behewa lililo wazi juu, lipitishalo mwanga na upepo. Salim wa Mambo Msiige, pamoja na utajiri wake wote, hakuwa na boriti ndefu kuliko jirani yake. Aliweza kupandisha kuta na kuzidisha orofa, lakini hakuweza kukishinda kipimo cha mkoko.

Juu ya boriti huja vipande vya mawe, juu ya mawe huja chokaa na kokoto, kisha watu hupanda kwa makundi na kuipiga siku nyingi kwa vipande, yaani vigogo vifupi vya mkono, wakifuatisha nyimbo, hata iwe ngumu na laini. Hiyo ndiyo sakafu. Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo, maana neno hili lina habari yake. Katika Kiarabu saqf ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa. Katika Kiswahili sakafu ni kitu kilicho chini ya mguu. Yaonekana kama makosa ya mtafsiri, lakini ukisimama katika nyumba ya mawe makosa hayapo: paa la aliye chini ndilo sakafu la aliye juu, kitu kimoja kilichopigwa na watu wale wale siku ile ile, na hata juu kabisa, penye uwazi wa mbingu, ni sakafu ile ile tena. Mwanafunzi aliyezaliwa katika nyumba ya makuti atalikariri neno hili asijue kwa nini lilipinduka. Mpandishe darini mara moja, atajua. Maneno mengine ya nyumba nayo yana safari zao, kama dirisha na roshani yaliyotoka Uajemi, bali hakuna linaloifunua nyumba yenyewe kama sakafu.

Watu husimulia juu ya Mambo Msiige hadithi mbili. Ya kwanza ni kwamba chokaa yake ilikorogwa na mayai kwa maelfu, ili ikaze kuliko chokaa ya wengine. Hadithi hii si ya kuchekwa. Mafundi wa nchi nyingi wametia vyakula katika chokaa. Wachina wa kale walitia uji wa mchele wenye kunata, na kuta zao zimesimama karne nyingi. Hadithi ya pili yatisha: kwamba watu waliingizwa hai ndani ya kuta, ili nyumba isimame. Yasemwa hivyo vile vile juu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Seyyid Barghash mwaka 1883, na juu ya majumba makubwa ya nchi nyingine. Kwa hiyo sidhani kwamba yapasa kuichukua kama habari iliyoshuhudiwa. Lakini pia sidhani kwamba yapasa kuitupa. Mawe ya nyumba za matajiri yalibebwa na watumwa, chokaa yao ilichomwa na watumwa, na sakafu zao zilipigwa na watumwa. Watu wanaposema kwamba ndani ya ukuta ule mna mtu, wanasema kwa lugha ya hadithi jambo ambalo katika lugha ya hesabu ni kweli tupu.

Mwaka 1864, tarehe 31 Agosti, Askofu William Tozer alifika Unguja pamoja na Dk. Edward Steere. Misheni yao, Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana baadaye kwa herufi UMCA, ilikuwa imeshindwa katika bonde la mto Shire, ambako askofu wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862 pamoja na wengine wa wenzake. Tozer aliamua kuondoka kule na kuanza upya Unguja. Hapo wakaingia nyumba ya Shangani.

Ni vema tukumbuke jinsi jambo hili lilivyokuwa geni kwa watu waliotoka Uingereza. Kwao nyumba ya kasisi hujengwa kwa ajili ya kasisi, karibu na kanisa lake. Katika Uskoti sheria iliwalazimisha wenye mashamba ya kila mtaa wa kanisa kumjengea mchungaji nyumba na kuitengeneza, na wajibu huo haukuondolewa hata sheria ya mwaka 1925. Mchungaji wa kule alipotaka chumba kipya aliwadai wenye mashamba, nao aghalabu waliguna. Unguja hapakuwa na mtu wa kudaiwa. Askofu aliingia nyumba iliyojengwa na mtu wa dini nyingine kwa desturi nyingine: baraza ya kukaa wageni, ili wasipite ndani, vyumba vya juu vya wanawake wasionekane na watu wa njiani, vidaka ukutani vya vyombo vya kaure, behewa katikati. Kila ukuta ulikuwa umekwisha kusema nani apite wapi.

Nyumba hiyo ikawa makao, skuli na mahali pa sala, yote pamoja. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, ambao Seyyid Majid aliwapa wamisionari muda mfupi baada ya kufika kwao. Mwaka uliofuata akaja Helen Tozer, dada yake askofu, kuwatunza watoto. Katika wale watano alikuwamo John Swedi, ambaye mwaka 1879 alifanywa shemasi. Mtu aliyesikia kwamba mna watu katika kuta za Mambo Msiige, na afikiri sasa kwamba katika vyumba vile vile mtoto aliyetolewa jahazini alijifunza kusoma, kisha akasimama mbele ya madhabahu, ataona kwa nini siwezi kuziacha habari hizi mbili mbali mbali.

Je, mapadre waliigeuza nyumba? Waliigeuza kwa matumizi zaidi kuliko kwa nyundo. Chumba chembamba kirefu, ambacho boriti ilikilazimisha kuwa hivyo, kikilazwa watoto kwa safu hakina taabu. Kikitiwa mabao ya skuli kinafaa. Bali kwa ibada ni kigumu, kwa kuwa watu hukaa kama katika ushoroba na wa mwisho hamwoni kasisi. Baraza, iliyowekwa ili mgeni asiingie, ndiyo iliyomfaa Steere zaidi. Mtu huyu alijifunza lugha kwa watu wa mji, akawasikiliza wasimuliaji, akaandika hadithi zao walivyozisema wenyewe. Mtambo wa chapa nao ukaanza kazi: mwaka 1867 kilipigwa chapa Unguja kitabu chake juu ya lugha ya Kishambala, na mwaka 1870 zikatokea London hadithi za Kiswahili alizozikusanya, pamoja na kitabu chake cha kufundishia lugha. Kazi hii haikuhitaji kuvunja ukuta hata mmoja. Ilihitaji nyumba ambayo watu wa mji walijua kuikaribia, na nyumba ya desturi yao wenyewe waliijua.

Lakini wavulana walizidi, na nyumba haikuzidi. Misheni ikanunua shamba Kiungani, nje ya mji, likawa mahali pa skuli ya wavulana, kisha shamba la Mbweni kwa wasichana na watu walioachwa huru. Tufani ya Aprili 1872, iliyoangusha mikarafuu na minazi kwa wingi na kuharibu majengo mengi, ikaongeza taabu. Tozer, mgonjwa, akaacha uaskofu mwaka 1873. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Seyyid Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na uwanja wa soko la Mkunazini ukapatikana, sehemu ukinunuliwa na Padre Arthur West, sehemu ukitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindi. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi. Steere akawa askofu mwaka 1874, na Mkunazini pakawa moyo wa misheni. Nyumba ya Shangani ikaachwa.

Katika kanisa lile la Mkunazini, lililofunguliwa mwaka 1879, naona jibu la Steere kwa nyumba aliyotoka. Alikuwa amekaa chini ya boriti, akijua kipimo chake. Naye alitaka chumba kipana ambamo watu wote wangeona madhabahu. Basi akaiacha boriti kabisa. Paa la kanisa ni tao moja kubwa la kokoto za matumbawe zilizochanganywa na saruji ya Portland, na watu wengi walidhani kwamba litaanguka. Halikuanguka. Mafundi walikuwa wale wale wa mji, hodari wa ukuta mnene lakini wageni wa nguzo za Kizungu, na husimuliwa mpaka leo kwamba Steere alipokuwa safarini walizisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini, miguu juu. Ziko hivyo hata sasa, na tao halijalalamika.

Habari za Mambo Msiige baada ya mapadre nitazipita upesi. Tangu 1874 ilikuwa nyumba ya konseli wa Waingereza, akiwamo John Kirk, hata mwaka 1913. Wageni huichanganya na nyumba ya konseli ya zamani zaidi, iliyo karibu nayo, ambamo maiti ya Livingstone ililazwa mwaka 1874 kabla ya kupelekwa Uingereza; hizi ni nyumba mbili. Baina ya mwaka 1918 na 1924 Mambo Msiige ilikuwa hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali kwa miaka mingi. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2015 nyumba ilifunguliwa kuwa hoteli, ikiwa na jengo jipya lililosimamishwa kando yake ufukoni, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikalalamikia kimo na ukubwa wa jengo hilo jipya. Mimi sina neno juu ya nyumba ya kale kugeuzwa hoteli. Nyumba isiyokaliwa hufa. Mwenye shaka aende Mbweni, akaitazame skuli ya wasichana ya misheni, ambayo kuta zake zasimama bila paa katika bustani. Nyumba ya tajiri imekubali kuwa nyumba ya askofu, ya konseli, ya wagonjwa, ya makarani na ya wageni, kwa sababu vyumba vyembamba vya mita 3 hukubali karibu kila kazi. Sikitiko langu ni kwa uwazi wa pwani, kwa kuwa nyumba za Shangani zilijengwa zionekane kutoka baharini, na uwazi ulio mbele ya nyumba ni sehemu ya nyumba, ijapokuwa hauna ukuta.

Geuzo linalonitia hofu zaidi halifanywi na matajiri. Linafanywa na sisi, kwa nia njema, kwa mfuko mmoja wa saruji.

Nalikaa zamani katika nyumba ya padre, sitataja mahali, iliyojengwa kwa mawe na chokaa kama za Unguja. Ukuta wa upande wa mvua ulikuwa ukimomonyoka lipu yake kila masika, nasi tukaona haya mbele ya wageni. Tukachanga fedha, tukaita fundi, tukaupiga ukuta wote lipu ya saruji, ukang'aa. Mwaka wa kwanza tulifurahi. Mwaka wa pili ukuta ukatoka unyevu kwa ndani, na chumvi nyeupe ikachanua kama uyoga nyuma ya kabati la vitabu. Mwaka wa nne, boriti tatu zilikutwa zimeoza ncha zake, pale zilipoingia ukutani, na sakafu ya juu ikashuka. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na mvuani, kisha huyatoa tena kwa kupumua. Lipu ya chokaa humruhusu, na ikichakaa yenyewe ndiyo inayotolewa sadaka ili jiwe lipone. Saruji haipumui. Maji yaliyokwisha ingia hayana pa kutokea, hivyo huitafuta boriti.

Neno lenyewe limetuhadaa. Saruji kwa Waajemi na watu wa Oman lilikuwa jina la mchanganyiko wa kale wa udongo uliochomwa na chokaa, utumikao katika mifereji na visima. Sisi tumelitumia kwa kitu cha kiwandani kilichobuniwa Uingereza mwaka 1824, na kwa kuwa jina ni la zamani twadhani kwamba kitu nacho ni ndugu wa chokaa. Steere aliitumia saruji katika paa jipya aliloliwazia tangu mwanzo kuwa la saruji, na hilo ni jambo jingine na kuibandika juu ya ukuta uliozaliwa na chokaa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Majumba haya yana uzito mkubwa, na yakiugua ndani hayatoi sauti mpaka siku ile.

Kwa wale walio na nyumba kama hizo mikononi mwao, dawa ni ya kale na si ghali. Chokaa iliyozimwa ichanganywe mapema, iachwe pipani ikifunikwa kwa maji kidogo, isikauke. Ukuta usafishwe, ulowanishwe jioni, upigwe lipu nyembamba, si nene, na usiachwe jua kali liukaushe kabla ya wakati wake. Magunia mabichi hufaa kuufunika. Mchanga wa pwani usitumiwe bila kuoshwa kwa maji matamu, kwa sababu ya chumvi yake. Mifereji ya juu ya paa itazamwe kabla ya masika, kwa kuwa paa la sakafu halikujengewa mvua za Unguja, na hiyo ndiyo sababu karibu mji wote umevikwa mabati. Boriti ikioza ncha, ibadilishwe hiyo moja, kwa mti wa namna ile ile. Na kila baada ya mwaka, kuta zipakwe chokaa nyepesi kwa ufagio, kazi ambayo wanafunzi wa darasa la juu waweza kuimaliza kwa Jumamosi mbili.